Rangi za Kitambaa cha Mama Vitalia

Aliingia dukani mvua ikianza, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, na kabla hajasalimia, harufu ya usipa mkavu, dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa, ilikuwa imeshafika kwenye meza yangu ya kompyuta. Mzee Muharami, mwenye duka, aliinua macho kutoka kwenye mashine ya fotokopi.

"Mama, samaki ni sokoni. Hapa steshenari."

"Samaki nimeshauza, baba. Namtafuta huyo mtoto anayechora nembo."

Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam mwaka uliotangulia, nikarudi Mbinga na cheti cha usanifu wa michoro. Mpaka siku ile nilikuwa nimechapa kadi za harusi tu, zote zenye njiwa wawili, kwa sababu kila bibi harusi alitaka njiwa kama wa mwenzake. Nilinyanyuka haraka mno, kiti kikaanguka.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Kunigunda."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Vitalia, natoka Liuli. Nataka kadi zenye jina langu, za kumpa mteja mkononi na za kufunga kwenye matenga yangu ya usipa."

Nilimchorea samaki palepale. Mimi ni mtu wa Matiri, nimekulia kwenye kahawa. Kwangu samaki ni samaki. Mama Vitalia alikitazama kioo cha kompyuta, akacheka mpaka akashika meza.

"Huyu ataumeza usipa wangu wote na bado atalia njaa! Halafu wenzangu wote nao watakuja kuchorewa samaki. Mimi nitajulikana kwa lipi?"

Nikafuta. Nikamuuliza, lori likishusha mzigo sokoni, watu wanalijuaje tenga lake?

Alifungua kikapu akatoa kipande cha kitenge, zambarau yenye mistari ya njano, kimepauka kidogo ukingoni. Kwao, akanieleza, kila mwenye mzigo hufunga mdomo wa tenga kwa kipande cha kitambaa chake. Mpakiaji akikiona, mnunuzi akikiona, hakuna haja ya kuuliza. Kitenge kile alikipata zamani, wakati nguo zilikuwa za kupanga foleni kwenye duka la ushirika, na pwani nzima ya Liuli hapakuwa na mwingine mwenye nacho. Alikuwa akikikata kidogo kidogo miaka yote hiyo.

"Sasa biashara imefunguliwa. Nenda duka lolote hapa Mbinga, zambarau kama hii imening'inia mlangoni. Mtu kainunua, kafunga matenga yenye mchanga chini. Juzi mama mmoja aliyeuziwa tenga la hivyo kanimwagia ule mchanga miguuni, sokoni, watu wanatazama. Kaniita mwizi." Alikikunja kile kipande. "Usipa wangu naanika juu ya vichanja, haujawahi kugusa mchanga."

Nilimwomba afunge fundo kwenye mguu wa kiti, kama anavyolifunga kwenye tenga. Alilifunga kwa namna yake, ncha moja ndefu, nyingine imepinda kama sikio la mbuzi. Nikalichora lile fundo, zambarau na njano, na chini yake nikaandika: Vitalia, Liuli. Safari hii hakucheka.

"Zitatoka na rangi hizi hizi?"

"Hizi hizi. Jumamosi lori lenu likifika, utazikuta tayari. Nakuahidi."

Akaniachia kile kipande.

Siku mbili baadaye nikapata barua kutoka kampuni moja ya matangazo ya Dar es Salaam, niliyoiomba kazi hadi nikakata tamaa. Walitaka kuona kazi zangu, zikiwa zimechapwa kwa rangi, na ili ziwahi ilibidi ziondoke na basi la Jumamosi asubuhi. Nilirukaruka dukani mpaka Mzee Muharami akaniambia nitaangusha rafu. Kisha tukafungua printa. Katriji ya rangi ilikuwa ukingoni, na mpya ilikuwa ya kuagiza Songea; isingefika kabla ya Jumatatu.

"Hautatosha kazi mbili," alisema.

"Naona, mzee."

"Mchapie mama nyeusi. Fundo ni lile lile, jina lile lile. Atashukuru tu."

"Fundo jeusi kila mtu anaweza kulitoa fotokopi, mzee. Watammwagia tena mchanga."

"Na wewe? Utachora njiwa mpaka uzeeke?"

Ijumaa mchana kutwa nilikaa na kile kitambaa mapajani, kazi zangu zikiwa zimefunguliwa kwenye kioo: bango la kahawa nililolipenda kuliko yote, lenye wekundu wa buni mbivu. Nililiangalia mara ya mwisho, nikalifunga, nikafungua mchoro wa fundo.

Kadi zilitoka polepole, mstari kwa mstari. Zambarau ilikuja sawasawa. Kwenye karatasi ya mwisho njano ilianza kufifia, lakini ikafika hadi kadi ya mwisho. Baadaye nikachapa kazi zangu kwa wino mweusi. Bango la kahawa likatoka la kijivu, kama mlima wenye ukungu. Nikalitia kwenye bahasha hivyo hivyo, na asubuhi nikamkabidhi kondakta.

Mama Vitalia alifika lori likiunguruma nje. Nilikuwa nimezivisha kadi plastiki na kuzitoboa tundu. Alichukua moja, akailaza juu ya kile kipande cha kitenge, akaisogeza huku na huku kwenye mwanga wa mlangoni.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Alikata ukanda mwembamba wa kitambaa kwa meno, akaupitisha kwenye tundu, akafunga fundo, ncha moja ndefu, nyingine imepinda.

"Mwanao huyu ana kichwa kigumu," Mzee Muharami alimwambia.

"Mwache nacho," alijibu, akachukua kadi zake, akatoka kulipanda lori.