Mitego Mitupu ya Mutuku

Mume wangu Mutuku alihama kitanda mwezi wa kwanza. Angehama nyumba ningejua la kusema, lakini alihama kitanda tu. Kila safari ya Houston ilipokaribia, alibeba blanketi lake akaenda kulala kwenye kochi sebuleni, hapa Garland kando ya Dallas, na nikimuuliza ananiambia ni mgongo. Mimi ni nesi. Migongo naijua, na mwenye mgongo mbovu hakimbilii kochi lililobonyea katikati.

Mutuku anaendesha trela kati ya Dallas na Houston, na wikendi hubaki huko kutega nguruwe mwitu. Texas wamejaa kama nzige, wanafukua mashamba ya watu, na anayewatega hufurahiwa. Mwenzake wa kutega ni Mkongomani anayeitwa Bibiche, mjane kutoka Kivu, anayekaa Stafford, kando ya Houston, na kufanya kazi kwenye ghala. Bibiche ndiye aliyemwonyesha ardhi ya kando ya mto wanakotega, mwendo wa saa moja kutoka kwake. Bibiche ndiye anayeikausha nyama kwa moshi. Ilikuwa inanifikia kwenye beseni, imefunikwa kitenge, na nasema kwa uchungu kwamba ilikuwa tamu. Binti yetu Mwende alikuwa akiila huku akiniuliza, "Mom, why can't you make it like this?"

Nilikuwa na wivu. Sitautafutia jina lingine, ulikuwa wivu, na ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kisha tangu Januari nyama ikakoma kuja, ila safari hazikukoma. Mwanamume anakwenda kuwinda kila wikendi, anarudi mikono mitupu, analala kwenye kochi. Hata ulimi wake ulibadilika. Mkamba wa Kitui, mtu niliyeolewa naye kanisani Machakos, akaanza kuniambia "njo vile" badala ya "ndivyo hivyo", kama mtu aliyezaliwa Bukavu. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa nimeshalowa.

Ndipo likaja lile suala la marufuku. Mbwa wa mama mmoja alinaswa kwenye kitanzi cha waya kando ya ule mto akafa, watu wakaja juu, na bodi inayosimamia ardhi hiyo ikapendekeza mitego yote ipigwe marufuku. Wananchi wakaitwa kutoa maoni Jumanne asubuhi. Mutuku alizunguka sebuleni wiki nzima akipanga maneno yake.

"Hawa watu wata-ban kila kitu," akaniambia. "Leo ni mitego, kesho watatukataza ndoano za samaki."

"Pole, baba Mwende," nikamjibu.

Moyoni nilikuwa nikiiombea ile bodi jinsi ninavyowaombea wagonjwa wangu. Mitego ikifa, Houston imekufa, na Bibiche atabaki na moshi wake. Nikaomba ruhusa kazini, na Jumanne kabla ya alfajiri nikaendesha gari peke yangu hadi huko bila kumwambia mtu, nikaandikisha jina langu miongoni mwa wasemaji.

Ukumbi ulijaa kofia pana na mabuti. Mutuku alikuwa amekaa mbele, na kando yake Bibiche, kilemba cha manjano kichwani, mrefu, mzuri kuliko nilivyotaka awe. Hawakuniona. Mzee mmoja wa Kizungu alisimama akasema babu yake alitega kwenye mto ule na baba yake pia, na kama bodi inataka waya zake ije izitoe yenyewe. Wakampigia makofi. Mwingine akasema nguruwe walikula mahindi yake yote, sasa bodi inataka awaandalie na chumvi. Wa tatu aliwachekesha. Alisema tangu mafuriko ya Januari nguruwe wote wamevukia ng'ambo, hakuna mtu aliyenasa hata sungura, kwa hiyo wanabishania mitego ambayo haijamuudhi mnyama yeyote. Kisha mwenye mbwa akalia, na ukumbi ukatulia.

Mwenyekiti, mwanamke wa makamo, akasoma jina langu, Truphosa Mutuku. Kule mbele niliona shingo ya mume wangu ikigeuka.

Niliongea Kiingereza changu cha wodini, kile cha kuzungumza na jamaa za mgonjwa. Nikasema naunga mkono marufuku. Nikasema kwetu tuna msemo kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na yule mbwa hakuwemo. Nikaongeza kwamba kuna nyumba pia zinazoharibika kwa ajili ya mitego hii, na hapo nikamtazama Bibiche vizuri, toka kilemba hadi viatu. Yeye akainamisha macho. Nikafurahi, maana niliona nimempata.

"Msemaji anayefuata pia ni Mutuku," mwenyekiti akasema. "Ni ndugu yako?"

"Ni mume wangu."

Wawindaji wakacheka kwa furaha kubwa. Mutuku hakucheka. Alisimama, akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

Alisema kwao Kitui babu yake alikuwa mtegaji, na serikali ya Kenya ilipopiga uwindaji marufuku, mzee aliendelea na waya zake mpaka akafungwa. Lakini babu yake alikuwa na sheria kali kuliko ya serikali. Mitego ikiwa imetegwa, mwanamume hamgusi mkewe. Analala pembeni. Hatukani, hagombani, anajizuia, na ndiyo maana hategi ovyo wala hategi kila siku. "Nguruwe walipotoweka mwezi wa kwanza, mimi nikaishika sheria hiyo hapa Texas," akasema. "Ninyi mnataka kumwekea sheria mtu ambaye tayari amejiwekea."

Vijana wakapiga mbinja. Yule mzee wa Kizungu alivua kofia yake akaiweka gotini. Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Kumbe ni kochi la babu. Miezi yote ile nilikuwa nikinusa mashati ya mtu aliyekuwa anafuata mwiko wa Ukambani. Sisi Waluhya hatuna huo, au kama tunao mama yangu hakuniambia, na Mutuku hakuona haja ya kunieleza, akawaeleza kofia mia moja za Texas kabla yangu.

Nilitaka kucheka. Ndipo akamalizia.

"Na babu alisema, mtego ukikaa mtupu muda mrefu na wewe umeushika mwiko, basi kuna mwingine nyumbani ambaye hakuushika." Alikuwa ananitazama mimi. "Mitego yangu ni mitupu tangu Januari."

Bodi ilipiga kura, marufuku ikapita. Wenye mitego wakapewa hadi mwisho wa wiki kuiondoa. Watu walitoka wakinung'unika, na wengine waliapa kwenda mahakamani. Mimi nilishinda siku ile, na sikumbuki nikipeana mkono na mtu.

Bibiche alinikuta kwenye maegesho. Alisimama mbali kidogo, amekumbatia mkoba wake.

"Mama Mwende, jambo," akasema. "Usikasirike. Mi niko namuambiaka kila siku: nguruwe walihama, ni mayi ya ile mvula, hapana bibi yako. Anakatala. Kwetu pia wazee wanasemaka vile, lakini mi namuambia, bibi yako ni mutu wa Mungu."

Nilimshukuru, maana alistahili. Lakini neno "kila siku" lilinichoma kuliko vyote. Mwanamke huyu alijua mwiko wa nyumba yangu. Alijua ninavyotuhumiwa. Alikuwa amekaa kando ya moto na mume wangu akinitetea, kesi yangu ikisikilizwa Stafford huku mimi Garland nafua soksi. Ningependa zaidi kama wangekuwa wapenzi, kwa sababu hapo ningejua namna ya kumchukia.

Nililiacha gari langu pale, nikapanda kwenye pikapu ya Mutuku bila kukaribishwa.

"Ni nani?" nikamuuliza. "Huyo unayedhani ninaye."

Alishika usukani bila kuwasha gari. "Cheruiyot."

Cheruiyot tunafanya naye zamu moja, na hunipa lifti gari langu likiwa gereji. Ni shemasi, ana wajukuu na goti la chuma. "Mutuku, nitazame. Hakuna Cheruiyot. Hakuna mtu yeyote, hajawahi kuwapo. Umesikia hata yule jamaa, mitego ya kila mtu ni mitupu."

"Nimesikia," akasema. Lakini alisema kwa sauti ile anayowajibu watu wa bima kwa simu.

"Basi twende ukaitoe hiyo mitego. Nakuja na wewe."

"Mke haendi mitegoni, Truphosa. Hiyo ni—"

"Na Bibiche?"

"Bibiche si mke wangu," akasema, kana kwamba amenijibu vizuri.

Nikafunga mkanda. Tukaenda.

Kando ya mto matope yalikuwa yamekauka, na Mutuku akatembea mbele akikunja vitanzi vyake kimoja kimoja, vyote vitupu, na kwa kila kimoja mabega yake yalishuka zaidi. Nilimwonea huruma na nikamwonea hasira kwa mpigo mmoja. Mwisho kabisa, nyuma ya vichaka, kulikuwa na kizimba cha chuma chenye mlango wa kushuka. Kabla ya kuona kilichomo tulisikia mkoromo, kisha kishindo cha mwili kwenye nondo.

Alikuwa nguruwe jike, mweusi, amepakaa matope, macho madogo yamejaa chuki.

Mutuku alitupa waya chini. Alicheka, na sikuwa nimekisikia kicheko kile mwaka mzima. Akanigeukia, akanishika mikono yote miwili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunigusa tangu Januari. "Nilijua," akasema. "Truphosa wangu, nilijua tu. Nisamehe. Unaona? Unaona mwenyewe?"

Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilingojea furaha inipate na mimi. Hii ndiyo niliyoililia miezi yote, mikono hii na jina langu likiitwa hivi. Lakini nilikuwa nimemwambia kwenye gari, tumetazamana, mimi mama wa mtoto wake, na hakuniamini. Nguruwe alikoroma mara moja, Mutuku akaamini. Nikamtazama yule mnyama kwenye kizimba, na naapa sijawahi kumwonea mwanamke yeyote wivu kama nilivyomwonea yeye.

Nikatoa mikono yangu. Kamba ya mlango ilikuwa upande wangu, nikaivuta kwa nguvu zote nilizonazo, zile ninazoinulia wagonjwa. Mlango ukapanda. Nguruwe akatoka kama jiwe la kombeo, akapasua vichaka, akatumbukia mtoni.

"Umefanya nini?" Mutuku akauliza kwa sauti ndogo.

"Mtego ni mtupu tena," nikasema. "Na mimi ni yule yule wa dakika moja iliyopita. Unaniamini?"

Alifungua mdomo. Kabla ya kunijibu, macho yake yalikwenda kwanza kwenye kizimba.