Kishimo cha Kumi na Saba

Saa tatu na dakika tano asubuhi, vishimo vyote ishirini na vinne vya sahani ya kupimia havikuwa na rangi. Mtaalamu wa maabara aliandika hivyo daftarini, akatega saa ya dakika thelathini, akatoka kukaa na fundi wa matangi, aliyekuwa akisubiri majibu yake, kwenye benchi la korido. Kupitia kioo waliiona sahani vizuri.

Karakana nzima anakofanya kazi humwita fundi huyo Povu, kwa kuwa hakabidhi tangi la mafuta kabla ya kulijaza upepo na kulipaka povu la sabuni. Amemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa miaka kumi na moja. Kwa miaka kumi, vipimo vya damu yake havijaona kirusi hata kimoja. Wiki mbili nyuma maabara ilichukua seli zake za kinga, ikaziamsha kwa dawa maalumu, ikazigawa vishimoni. Palipo na virusi, rangi ingekuwa buluu. Sahani ikitoka safi, alimwambia mkewe, anaacha vidonge. Mkewe alimuuliza tangu lini fundi akawa daktari. Kidonge cha asubuhi kilikuwa bado mfukoni.

Mtaalamu alimuuliza habari za povu. Povu alichangamka: tundu la sindano hulioni kwa macho, wala tangi tupu halivuji. Lishindilie upepo, ndipo sabuni itoe mapovu.

Hapo akaigeukia sahani kule nyuma ya kioo.

“Kwa hiyo miaka yote hii mlikuwa mnapima tangi tupu, binti yangu.”

“Damu tulipima sawasawa. Dawa inazuia virusi visizaane. Vilivyolala ndani ya seli, haivifikii.”

Saa tatu na nusu, kishimo cha kumi na saba kilianza kuwa buluu. Vingine vilibaki vilivyo.

“Kimoja tu,” alisema Povu.

“Kila kishimo kina seli milioni moja. Ikiamka moja, inatosha. Wewe tangi lenye tundu moja unalikabidhi?”

“Mwenye tangi akinibembeleza sana, namwambia akatafute fundi mwingine.”

Saa ililia. Mtaalamu aliandika: kumi na saba, buluu; vilivyobaki, hakuna rangi. Povu aliuliza bomba la maji ya kunywa liko wapi, akaonyeshwa mwisho wa korido.

Saa tatu na dakika arobaini na moja, alimeza kidonge.