Mshono Ndani ya Bomba

Nilitia kidole ndani ya kitovu cha gurudumu la kigari, nikaugusa tena ule mshono wa bomba la maji, mkavu, wenye kukwaruza, kama kovu lililopona vibaya.

Bomba la maji halikuundwa kumbeba mtu. Kazi yake ni kupitisha maji, na maji hayajali kama ukuta ni mnene huku na mwembamba kule. Ukilikereza ili beringi iingie, upande mmoja hubaki chuma, wa pili ganda la yai. Tyubu ya mashine ni duara kweli na unene wake ni mmoja. Nilijua yote haya. Miaka kumi na tisa nakereza vyuma uani kwangu hapa Kamembe! Lakini tyubu ingechukua wiki mbili kufika, na kipande cha bomba kilikuwa kimelala pale karibu na kisima. Nikalipua kazi. Kisha nikapaka rangi ya buluu mara mbili, nikafunika kombe mwanaharamu apite.

Nabintu alifika kwa pikipiki. Miguu yake ilipooza tangu utotoni, na kigari hiki cha kuendesha kwa mikono ndicho kingemvusha daraja na unga wake hadi Bukavu.

"Papa Sudi, iko muzuri sana!" alisema, akikipapasa. "Weye ni fundi wa kweli."

Sifa ile ilinichukiza kuliko tusi. Nilichukua msumeno wa chuma, nikaanza kukata kitovu mbele ya macho yake.

"Papa! Unafanya nini? Unaniua!"

"Tia kidole," nilimwambia, nikimpa kipande. "Niliweka tiyo, bomba la maji. Ingekuvunjikia kwenye mteremko. Nipe wiki mbili, nitaweka tibe, tyubu ya kweli."

Alitia kidole. Akakitoa, akakifuta kwenye kitenge chake kama aliyegusa uchafu, na sikumlaumu, maana hata mimi nilijiona uchafu.

"Na kigari ya Eugénie?" aliuliza. "Si ni weye ulimutengenezea, mwezi uliopita?"

Bomba lilikuwa lile lile.

"Eko wapi sasa?" nilimuuliza.

"Leo ni siku ya soko. Eko nashuka mteremko ya Mururu, na batoto wake wawili juu ya mizigo."

Nabintu alimpigia simu. Iliita, ikaita, haikupokelewa. Mwenye pikipiki aliyemleta Nabintu alikuwa akimngoja langoni. Nilimkimbilia nikiwa peku, nikapanda, nikamnyooshea mkono njia ya Mururu.