Sketi za Alhamisi

Haya, kabla chai haijapoa nikutegee kimoja. Ni kitu gani hukua kikitajwa na mwingine, lakini kikijitaja chenyewe hakikui hata kidogo? Usiniambie mti. Mti hukua hata ukiutukana. Usijibu sasa hivi, kaa nacho mdomoni kama kipande cha muwa, nami nikusimulie ya Misheni ya Rwenje.

Alhamisi moja baada ya kung'oa karanga, Mai Gwatidzo, yaani Mama Gwatidzo kwa lugha ya pale, alifika kwa Mai Kundai, mshonaji, amebana sketi yake nyeusi kwapani. Pale Rwenje Alhamisi ni siku ya sala ya akina mama. Huvaa blauzi nyekundu yenye kola nyeupe, kofia nyeupe, na sketi nyeusi inayofunika miguu hadi karibu na viatu, kisha huenda kanisani mchana wa jua kali. Sketi ya Mai Gwatidzo ilikuwa imepanda hadi nusu ya miguu.

"Mai Kundai, kitambaa chako kimerudi," alisema kabla hajakaa. "Nimekifua mara moja tu, na maji ya baridi. Umeniuzia nini wewe?"

Mai Kundai aliitandaza sketi mezani akaipima kwa tepu. Kisha akamsimamisha mwenye sketi akampima naye.

"Kitambaa hakijarudi. Wewe umekua."

"Kwa umri huu?"

"Kwa umri huu."

"Basi shusha pindo," alisema Mai Gwatidzo. Akaketi kungoja, akatoa karanga mfukoni akaanza kumenya.

Wiki iliyofuata walikuja wengine wawili na sketi zao, na waliofuata wakakutana njiani na wanaotoka. Kufikia mvua za kwanza, akina mama wa Rwenje walikuwa wanainama kuingia majikoni mwao. Walichuma matunda ya muzhanje bila kutumia fimbo. Kuku akipanda juu ya paa walimshusha kwa mkono. Baba Gwatidzo aliunganisha kitanda kwa mbao za kreti, akalalamika kwa jirani kwamba sasa mkewe anaona vumbi lililo juu ya kabati, naye anatumwa kulifuta. Kanisani fundi alivunja ukuta juu ya mlango akapandisha fremu, maana kofia zilikuwa zinaangukia nje na wenye kofia wakiwa ndani.

Mchungaji alisema kundi linalokua ni jambo jema, akahubiri mengine.

Sasa nikueleze desturi ya pale. Rwenje hakuna mama anayejiombea kukua kiroho. Kujiombea hilo ni majivuno, ni sawa na kujipakulia nyama wageni hawajanawa. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwaka majina ya waliovaa blauzi hutiwa ndani ya chungu, kila mama akachota moja, na huyo ndiye dada atakayemwombea mwaka mzima. Anamwomba Mungu amkuze: asiwe mwepesi wa hasira kama jana, asiwe mzito wa kusamehe kama juzi. Hamwambii kama ni yeye aliyemchota.

Jina la Mai Kundai halikuwahi kuingia chunguni. Hakuwa na blauzi. Blauzi huvishwa madhabahuni, na huvishwa yule tu ambaye mahari yake ilipelekwa kwao na akasimama na mumewe mbele ya mchungaji. Baba Kundai alikuwa mtu mpole, asiyegombana na mtu, lakini kila mwaka alisema mavuno yajayo ndiyo tutakwenda kwenu. Kisha mgodi ukamwangukia. Tangu hapo Mai Kundai alikaa kwenye benchi la mlangoni na gauni lake la maua. Zamani benchi lilikuwa na wengi. Mmoja mmoja wakafunga ndoa, akawashonea blauzi, wakahamia mbele. Likabaki benchi lake.

Wala hakuwa na tamaa ya kukaa mbele. Kilichomnyima usingizi kilikuwa kimoja. Pale Rwenje mama mwenye blauzi akifa, huzikwa nayo, na wenzake wenye nguo nyekundu huzunguka kaburi wakaimba hadi udongo ujae. Asiyekuwa nayo huimbiwa na jamaa zake, kama anao.

Basi Alhamisi moja ya ushuhuda, Mai Mufundisi, yaani mke wa mchungaji, alisimama mbele. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mkali wa sheria. Aliinua uso kuwatazama wenzake.

"Tumshukuru Mungu kwa kukua kwenu," alisema. "Leo tuvunje siri. Nani alimchota Mai Gwatidzo?"

Kisha nyuma kabisa Mai Zvoma akainua mkono, na mkono ukagusa dari.

"Ni mimi. Lakini nisidanganye nyumba ya Mungu. Tangu karanga zianze kung'olewa sijamtaja. Nikipiga magoti tu usingizi unanibeba."

"Mai Zvoma!" alisema Mai Gwatidzo. "Kumbe kile kikohozi changu chote kile nilikuwa peke yangu?"

"Nisamehe, dada. Lakini si umekua?"

Wakacheka. Aliyemchota Mai Zvoma naye akakiri kwamba alimwomba mara moja, siku ya Pasaka, tena kwa haraka. Walivyoendelea kuulizana, ikaonekana chungu kizima hakikuwa na mwombaji. Mai Mufundisi aliyatazama mapindo ya sketi zao, yote yameshonwa kwa mshono mmoja, mdogo mdogo, ulionyooka. Akaitazama na sketi yake, ambayo ilinunuliwa tayari mjini Masvingo, nayo ilimkaa vilevile kama siku ya kwanza. Mlangoni Mai Kundai alikuwa anafunga kamba za viatu.

Kesho yake mchana Mai Mufundisi alifika kwa mshonaji na kitambaa cheusi.

"Nishonee sketi."

"Unayo, Mai."

"Nataka ya hapa."

Mai Kundai alikipokea kitambaa akakipiga pasi. Hakuficha neno. Alieleza kwamba akikanyaga cherehani humtaja mwenye nguo, maana mikono ikiwa na kazi mdomo hukaa bure. Humwomba Mungu amkuze huyo. Hakuna zaidi.

"Unamtajaje? Mai fulani?"

"La. Mungu alimjua kabla hajazaa. Namtaja kwa jina alilopewa kwao. Lako nani?"

Mai Mufundisi alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo. "Matirasa," alisema. "Ni miaka sijaitwa hivyo."

Mai Kundai akakanyaga cherehani, akalitaja lile jina kimoyomoyo. Uzi ukakatika. Akatunga tena, akataja, ukakatika tena.

"Uzi mbovu?" aliuliza Mai Mufundisi.

"Uzi ni huohuo niliowashonea wote. Unakatika nikifika kwako."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini, Mai. Mwaka jana Mai Gwatidzo aliposema nivishwe, ulisimama ukasema tukilegeza kwa mmoja tutalegeza kwa wote. Nilikusikia. Benchi langu liko mbali lakini masikio yangu hayako mbali."

Mai Mufundisi hakukataa. Nje jogoo wa jirani aliwika ovyo. Mai Kundai aliacha cherehani, akachukua sindano ya mkono, akaanza kushona sketi nzima kwa mkono, polepole, akilitaja lile jina kila sindano ikizama. Mkono ni mvumilivu kuliko mashine. Uzi haukukatika. Alipofika kwenye pindo alimsimamisha mwenye sketi kwenye kiti, akajijaza pini mdomoni, akaanza kubana kitambaa.

"Na wewe?" aliuliza Mai Mufundisi kutoka juu ya kiti. "Wewe nani anakutaja? Jina lako la kwenu nani?"

Mai Kundai alikuwa na pini mdomoni. Alitikisa kichwa tu, akamgeuza kwa kiuno apime upande wa nyuma.

Mai Mufundisi akakua kuwapita wote. Mchungaji alipotaka kumwambia jambo la siri alipanda ngazi ya jikoni. Na nisimpunje haki yake, moyo wake nao ulikua, maana aliomba nafasi katika mkutano wa wazee wa kanisa, akaingia akiwa ameinama, akaketi sakafuni ili waonane macho.

"Nimekuja kwa ajili ya Mai Kundai," alisema. "Mwaka jana nilisema vibaya. Mama huyu avishwe."

Wazee walimsikiliza kwa heshima. Mmoja wao, mwenye duka la kinyozi pale sokoni, akajibu kwa upole.

"Maneno yako ni mazuri, Mai. Mahari hata leo ndugu za marehemu wanaweza kuipeleka. Lakini madhabahuni atasimama na nani? Umlete Baba Kundai?"

"Mnajua amekufa."

"Ndiyo. Na sisi hatukumuua. Tunafuata tulivyokuta."

Habari zilipofika Alhamisi, akina mama walilia. Machozi yao yalichukua muda kufika sakafuni. Mai Zvoma alisema inauma. Mai Gwatidzo alimwinamia Mai Kundai pale mlangoni, akamshika bega kwa vidole viwili, kwa tahadhari, kama mtu anayeshika kifaranga.

"Ingekuwa shauri letu, dada, ungevishwa leo. Lakini sheria ni ya kanisa."

"Najua," alisema Mai Kundai. "Pindo lako limefumuka nyuma. Pitia nyumbani."

Wakaimba wimbo wa kufunga, wakaenda kupika sadza, ugali wa kule. Mwanzo wa mwaka uliofuata chungu kilizunguka mbele kama kawaida, hakikufika mlangoni. Bibi harusi mmoja kijana alivishwa blauzi aliyoshona Mai Kundai, naye baada ya mvua chache akaanza kuinama mlangoni.

Mwezi wa baridi Mai Mufundisi alirudi kwa mshonaji na sketi yake. Aliingia kwa magoti, maana paa la chumba kile ni la chini. Pindo lilikuwa limeshushwa hadi likaisha.

"Hapa hakuna cha kushusha tena," alisema Mai Kundai, ambaye tayari alikuwa amejaza pini mdomoni, akisema kwa pembe ya midomo. "Tutaunga kipande. Fungua hilo sanduku, cheusi kiko chini."

Mai Mufundisi alifungua sanduku. Akatoa kitambaa cha pazia, akatoa vipande vya shati, na chini ya vyote, juu ya kile cheusi, akakuta blauzi nyekundu. Kola yake nyeupe ilikuwa imefungwa kwa karatasi isiingie vumbi. Vifungo vyote vilikuwepo, na ilikuwa imekunjwa muda mrefu hata mikunjo imekuwa migumu. Aliiinua kwa mabega. Mikononi mwake ilionekana kama ya mtoto.

"Ya nani hii?" aliuliza. "Rwenje nzima hakuna tena mwanamke mdogo hivi."

Kisha akanyamaza, maana alikuwa anamtazama aliyebaki.

Mai Kundai aliendelea kupanga mikasi na tepu mezani. Pini zilikuwa mdomoni.

Mai Mufundisi aliikunja blauzi vizuri kama alivyoikuta. Alikuwa amepiga magoti, na hata hivyo nyuso zao zilikuwa sawasawa.

"Siwezi kukuvisha," alisema. "Nilijaribu wakanishinda. Nitajaribu tena, nao watanishinda tena, nawajua. Sitakudanganya."

Mai Kundai aliitikia kwa kichwa.

"Lakini kutaja, hakuna mzee wa kanisa anayeweza kunikataza. Nilikuuliza siku ile ukanitikisia kichwa, nami nikaenda zangu nikakua, nikasahau kwamba nilikuuliza. Nakuuliza tena." Aliiweka blauzi mapajani mwa Mai Kundai. "Ila ujue, Mai. Nikikutaja, hii haitakutosha. Hata siku ya kuzikwa, hata waje wabadili sheria, haitakutosha."

Mai Kundai aliitazama blauzi. Alipitisha kidole kwenye mshono wa bega, ule mshono mdogo mdogo ulionyooka, akafika shingoni, akarudi. Nje watu walikuwa wanapita kwenda sokoni, na wengi wao walionekana dirishani kuanzia kiunoni kwenda chini.

Kisha akaanza kutoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kifuko cha pamba alichokuwa amekifunga mkononi, hadi mdomo ukabaki mtupu.

"Tarisai," alisema.