Nywele Nyeupe Mgongoni

Meneja alikuwa akivalishwa koti na mkewe, kama kila asubuhi kabla ya kushuka ofisini, alipochomoa mguu wa kushoto na kupiga teke la nyuma. Teke lilikipata kiti, kiti kikalipata kabati, na vikombe vya chai vikashuka sakafuni kimoja kimoja. Mkewe alisubiri mpaka cha mwisho kivunjike, kisha akamalizia mkono wa pili wa koti.

"Haya yameanza lini?" aliuliza.

Meneja alisema hajui.

Dada yake Meneja, ambaye kazi yake ni kusugua farasi na ambaye watu wote humwita Bi Burashi, alikuwa kwenye sinki akisuuza kikombe chake. Teke lile alilijua. Mguu wa kushoto, kisigino kimepinda kidogo kwenda nje, sekunde ileile uzito unapogusa mgongo: lilikuwa teke la Hariri. Naye Hariri alikwishapelekwa machinjoni wiki iliyotangulia, kwa lori lilelile linaloleta nyasi kavu.

Hariri alikuwa farasi jike ambaye Bi Burashi alimlea kwa chupa. Alikuwa mpole mno, hata kuku walijilalia katikati ya miguu yake. Upole huo uliisha siku alipowekewa tandiko la Mzee. Mzee, baba yao, ndiye aliyeanzisha shule hii ya kupanda farasi, na tandiko lake lilishonwa kwa kipimo cha farasi wake dume, aliyekuwa na mgongo mpana kama meza ya kulia. Mzee akafa, dume naye akafa, tandiko likabaki, na ikawa desturi ya nyumba kwamba kila farasi mpya lazima afundishwe nalo. Kulikataa kulihesabiwa kuwa ni kumtukana marehemu.

Hariri alikuwa na mgongo mwembamba. Tandiko lilimbana nyuma ya mabega, pande zote mbili za uti, mpaka nywele za pale zikaanza kuota nyeupe. Akawa anarusha mateke, anauma, anagoma kutoka bandani. Daktari wa mifugo aliitwa, akamtazama meno, akamwinua kwato, akasema mnyama ni mzima. Mgongo hakuutazama, maana ulikuwa chini ya tandiko.

Bi Burashi alimwita kaka yake bandani. Alibonyeza kwa vidole viwili, na Hariri akabonyea mgongo mpaka tumbo likakaribia nyasi za sakafuni.

"Kaka, anaumwa. Mguse mwenyewe."

Meneja hakutoa mikono mfukoni. "Hana kitu huyu. Kiburi tu. Kaza mkanda."

Mkanda ulikazwa. Hariri akamwangusha binti wa mteja, binti akavunjika mkono, na lori likaitwa. Alipanda lorini bila kusukumwa, kwa sababu siku hiyo hakuwa na tandiko. Aliacha mtoto mmoja, jike, bado hajafikia umri wa kupandwa, mwenye mgongo uleule.

Basi, baada ya vikombe, mambo yakafuatana. Meneja alimuuma mteja begani. Mtu mzima, mwenye ofisi yake na muhuri wake, akawa anasaga meno kila anapofungwa mkanda wa suruali, na mlangoni mwa ofisi haingii mpaka avutwe kwa tai. Mkewe alimvua shati, akamwita wifi yake aje kuona. Nyuma ya mabega, pande zote mbili za uti, palikuwa na mabaka mawili ya nywele nyeupe, nene, za farasi, kila baka ukubwa wa kiganja. Mkewe alizinyoa kwa wembe. Ulipofika wakati wa chakula cha mchana zilikuwa zimerudi, zimelala vizuri kuelekea nyuma.

"Ni nywele tu," alisema mkewe, akaurudisha wembe kabatini.

Daktari wa hospitali alimtazama mdomo, akamwinua nyayo, akasema mtu ni mzima.

Mchana mmoja Meneja aliingia bandani peke yake, akitembea upande upande.

"Dada, nisaidie," alisema. "Kuna kitu kinanibana mgongoni. Wewe una mkono mwepesi."

Bi Burashi aliweka burashi chini. Alibonyeza kwa vidole viwili, palepale, na Meneja akabonyea mpaka magoti yakagusa nyasi. Bi Burashi alijua anachokigusa. Alikuwa na hakika pia kwamba tandiko la Mzee likichomwa moto, nywele zile zitaanguka zenyewe na kaka yake atasimama wima. Alikuwa nalo ulimini neno hilo. Lakini akalikumbuka lori likipinda kona ya barabara, na roho ikakataa.

"Huna kitu, kaka," alisema. "Kiburi tu."

Mtu asije akakudanganya kwamba aliona haya. Alifurahi, na furaha ilimshuka tumboni kama chai ya moto siku ya baridi. Na wifi yake alipomuuliza afanyeje na mume wa namna hii, alimweleza kwa upole, kama mtu anayeelekeza njia.

"Wifi, mgongo hauna kitu. Ukimdekeza ndiyo anazidi. Mvalishe koti zito, kaza mkanda, mzungushe uani mpaka atokwe jasho. Atakaa sawa."

Wifi alikuwa mtu wa vitendo. Kila asubuhi alimzungusha mumewe uani. Wateja walipisha njia, wakamwamkia, na Meneja akaitikia vizuri huku akizunguka. Bi Burashi alitazama akiwa na kikombe mkononi, na hakukosa hata siku moja.

Mpango alikuwa nao. Kaka yake akione cha moto kwanza, kisha yeye atasema kweli kabla mtoto wa Hariri hajafikia umri wa kupandwa, na tandiko liingie motoni. Alijiahidi hivyo kila jioni. Kukicha Meneja alirusha teke, utamu ukamshika tena, akajiambia leo bado.

Nyumba ikazoea. Meneja alihamia banda la Hariri kwa hiari yake, kwa kuwa mle hakuna aliyemvalisha koti. Alilala amesimama, ameegemea ukuta, akapokelea chakula juu ya mlango, na mle ndani alikuwa na adabu zake zote. Mkewe akachukua ofisi na funguo.

Mtoto wa Hariri akakua. Siku alipotolewa uwanjani kufundishwa, wifi ndiye aliyekuja na tandiko la Mzee, limepakwa mafuta likang'aa. Bi Burashi alikuwa ameshika hatamu.

"Wifi, si hilo," alisema. "Litambana. Huyu ana mgongo wa mama yake. Njoo umguse hapa."

"Mgongo?"

"Ndiyo, mgongo. Hata kaka ni mgongo unamuuma, na chanzo ni tandiko hilohilo. Nilijua tangu mwanzo."

Wifi aliliweka tandiko juu ya uzio, akamtazama. Hakuwa na hasira. "Nimemzungusha mume wangu uani kwa neno lako. Uliniambia mgongo hauna kitu."

"Nilidanganya."

"Ulidanganya lini, wifi? Wakati ule, au sasa?"

 Bi Burashi alimwomba abonyeze tu, mara moja, kwa vidole viwili. Wifi akasema wateja wanasubiri.

Tandiko likapanda. Mtoto wa Hariri akalaza masikio nyuma. Kule bandani Meneja alianza kuupiga mlango kwa kisigino, na mkewe akamwambia atulie, bila kugeuka. Kisha akauvuta mkanda mpaka tundu la mwisho. Mguu wa nyuma wa kushoto ukachomoka, kwato imepinda kidogo kwenda nje, ukavunja ubao wa uzio.

"Kama mama yake," alisema wifi, akaenda ofisini kumpigia simu daktari wa mifugo aje amtazame meno.