Donge la Jana

Wenzake kwenye tanuri la mikate walimwita Mizani, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kutia chumvi kwa kukisia. Unga alipima, sukari alipima, hata maji aliyapima, na ukimwambia kwamba mwokaji hodari hutumia jicho tu, alikutazama kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mtu wa namna hiyo akikosea, hukosea sawasawa.

Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Kidosho, alikuwa na wiki sita alipoanza kulia kila alipomaliza kunyonya. Hakikuwa kilio cha njaa. Alikunja miguu, akajinyonga mwili wote, akakataa kubembelezwa. Kisha siku moja mkewe akafungua nepi akaona ute, na ndani ya ute nyuzi za damu. Wakakimbilia hospitali, roho mkononi.

Daktari wa watoto aliwatuliza. Mtoto anaongezeka uzito vizuri, alisema, ila tumbo lake halipatani na protini ya maziwa ya ng'ombe, nayo inamfikia kwa kunyonya, kutokana na vile anavyokula mama yake. Aendelee kunyonyeshwa. Mama ndiye aache maziwa ya ng'ombe na chochote kilichotengenezwa nayo, kisha wasubiri wiki tatu, nne hivi, tumbo lipone.

"Chochote?" mkewe aliuliza.

"Chochote, mama. Hata kijiko."

Basi yule mama akaacha. Chai ya maziwa, ambayo bila hiyo hakuwa mtu wa kusemeshwa asubuhi, akaiaga. Siagi, mtindi, biskuti, vyote akavipa kisogo. Dukani alisimama akisoma maandishi madogo nyuma ya pakiti mpaka muuzaji akamuuliza kama anasomea mtihani. Mizani naye akajitwika kazi yake: atamwokea mkate wake peke yake, bila maziwa wala siagi. Kila alfajiri, kabla hajagusa mikate ya maziwa iliyolipa sifa duka lao, aliosha beseni mara mbili kwa maji ya moto, akasugua meza, akapima unga, chumvi na mafuta ya alizeti. Akaukanda kwa mapenzi, hilo tusimnyime. Ukiiva, akaufunga kwenye karatasi safi na kumpelekea mkewe ungali moto. Naye akaula asubuhi na jioni, kwa kuwa vilivyobaki vya kula havikuwa vingi na njaa ya anayenyonyesha haina mzaha.

Wiki ya tatu ikaisha, damu bado ipo. Ya nne, ipo. Ya tano ikazidi.

Hapo Mizani akaanza kumtafuta mkosaji. Mkate aliuoka yeye mwenyewe, kwa hiyo huo aliuvusha bila hata kuutupia jicho. Kilichobaki kikawa mdomo wa mkewe.

Angemuuliza faragha, pengine yangekuwa mengine. Alingoja Jumapili, mama yake mzazi amekuja kumwona mjukuu, na dada wa mkewe yupo, sebule imejaa.

"Mama Kidosho, sema kweli. Nikitoka unakunywa chai ya maziwa?"

Mkewe alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

"Naapa, Baba Kidosho. Sijagusa."

"Basi damu inatoka wapi? Mimi napima mpaka punje ya chumvi. Wewe unashinda hapa na jirani ambaye birika lake halipoi."

"Mwanangu, mzazi ana tamaa zake," mama yake alimwambia mkwewe kwa sauti ya huruma. "We kubali tu, yaishe."

"Shemeji!" dada wa mkewe akang'aka. "Unamsema dada yangu mbele za watu?"

"Nasema mbele za watu kwa sababu tukiwa wawili hanisikii."

Mkewe alikuwa mwanamke mwenye jibu kwa kila neno. Siku hiyo aliinuka. Alimweka mtoto begani, akaingia chumbani. Kesho yake akaenda kumwambia daktari kwamba ameshindwa. Akaandikiwa maziwa ya kopo maalumu, yale ambayo protini yake imekwisha kuvunjwavunjwa, na akaacha kunyonyesha. Matiti yalijaa yakamuuma siku nne, akawa anayakanda kwa kitambaa cha maji baridi huku amefunga mlango. Kisha yakakauka.

Na mtoto akapona. Katika wiki mbili nepi zikawa safi, kilio kikapungua, mashavu yakajaa. Mizani hakusema "si niliwaambia", ila alilisema kwa mabega, kwa namna alivyoshika chupa na kumlisha binti yake huku akipiga mluzi. Mkewe aliusikia mluzi ule. Polepole akaanza kujitilia shaka mwenyewe. Labda siku ile kwa jirani aliazima kijiko. Labda alionja kitu jikoni bila kujijua.

Kidosho alipotimiza miezi mitano, waliitwa kliniki kwa mshauri wa lishe, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hivi karibuni mtoto ataanza kula, alisema, kwa hiyo anataka kujua ile safari ya kwanza, mama alipoacha maziwa ya ng'ombe, walikwama wapi.

"Nilikosea mimi," mkewe alisema kabla swali halijaisha. "Sijui lini, lakini lazima nilionja kitu. Baba yake alikuwa mwangalifu sana."

Mizani aliitikia kwa kichwa.

"Ni kitu gani ulikula kila siku, bila kukosa?"

"Mkate. Anauoka yeye."

Mshauri akamgeukia. "Baba, hebu nioneshe unavyoukanda. Tangu mwanzo."

Mizani akavuta kiti kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua. Akasogeza kando faili la mshauri, meza ikawa meza ya kukandia. "Naosha beseni. Napima unga, hivi. Chumvi. Mafuta. Namimina maji vuguvugu. Halafu..." Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe pembeni ya meza, ukamega kitu ambacho hakikuwepo, ukakileta katikati. Akautazama.

"Halafu hamira?" mshauri aliuliza, kalamu mkononi.

Pale kwao hawakutumia hamira. Kila siku walibakiza donge la unga uliokwisha kuumuka, wakalifunika kwa kitambaa kibichi, na kesho yake wakamega kipande na kukichanganya na unga mpya ili nao uumuke. Ndivyo alivyofundishwa. Ndicho kitu pekee kwenye tanuri lile ambacho hakikupanda kwenye mizani, maana donge hupimwa kwa kiganja, na kwake halikuwa kiungo hata kidogo. Lilikuwa ni mkate unaozaa mkate. Na donge lile lilimegwa kwenye unga wa mikate ya dukani, uliokandwa kwa maziwa.

Mshauri hakuona kitu. Mkewe alikuwa anamfuta mtoto udenda. Angeweza kusema "ndiyo, hamira", na yangeishia hapo: mtoto mzima, na lawama imekwisha kupata mwenyewe ambaye hata ameizoea. Tusimpambe. Alilifikiria hilo, tena alilifikiria kwa makini, kama anavyofikiria kila kitu.

"Natia donge la jana," alisema. "Lina maziwa."

"Kiasi gani?"

Akakunja ngumi, akaiweka mezani. Aliona aibu kuiangalia.

Mshauri akaeleza kwa upole kwamba kwa mtoto kama huyu kiasi hicho, kila siku, mara mbili, kilitosha na kuzidi. Mkewe alikuwa ameacha kumfuta mtoto.

"Kwa hiyo maziwa yangu..."

"Maziwa yako hayakuwa na kosa, mama. Wewe ulifuata kila ulichoambiwa."

Kwenye varanda ya kliniki, Mizani akapiga simu mbili bila kuambiwa, mkewe akiwa kando anasikia. Mama yake alisema, "Haya, bahati mbaya. Mtoto si mzima? Yaishe basi." Shemeji yake alimsikiliza mpaka mwisho, akakata simu.

Mshauri alikuwa amewaambia kwamba wapo wanawake ambao maziwa hurudi, mtoto akikubali kunyonya. Walipofika nyumbani mkewe akaketi kitandani, akafungua vifungo, akamsogeza Kidosho. Mtoto alimtazama, akalipiga titi kofi kama anachezea mpira, akacheka. Akageuza kichwa kutafuta chupa. Mama akajaribu tena, na tena. Safari ya tatu mtoto akalia, naye akafunga vifungo.

Mizani alikuwa mlangoni. 

"Nisamehe, mke wangu."

"Nitakusamehe," alisema, bila kumtazama. "Lakini si leo. Miezi miwili nimekaa nikiamini kwamba nilimuumiza mwanangu. Leo niache nikae nikijua kwamba sikumuumiza."

Akaenda jikoni, akachemsha maji ya chupa ya mtoto.