Kibao Kilichoanguka

Mzee fundi viatu alifika kituo cha utafiti wa bahari saa nane mchana, jasho likimtiririka. Mwaka mzima alikuwa hajamtia binti yake machoni. Chumba cha mbele kilikuwa kitupu, kinanuka tope na dawa ya kuhifadhia samaki. Alipofungua mlango, upepo uliingia naye, kibao kimoja kikadondoka kutoka ukutani. Akakiokota. Jina la binti yake! Akakipangusa kwa kiganja, akakitundika kwenye msumari mtupu wa kwanza aliouona, akaketi kwenye benchi, roho kwatu.

Mwendesha boti akaingia. "Shikamoo mzee. Umekuja kukagua kama tunamlisha?"

"Marahaba. Nasikia mnamlisha tope tu."

Wakacheka. Kijana yule akavipitia vibao vya majina ukutani kwa kidole. "Wote wamerudi. Afadhali, leo bamvua, bahari itajaa ifunike mbuga yote ya chumvi. Binti yako yuko bafuni huko, anajitoa matope. Subiri." Akatoka, akaivuta boti nchi kavu.

Saa tisa ikapita. Saa kumi. Dirishani, nyasi za mbuga ya chumvi zilizama hadi vichwa, mifereji ikaungana ikawa maji matupu.

"Mwanangu, kuoga gani huku?" mzee alimwuliza kijana aliporudi ndani.

Mwendesha boti akaenda kumwita. Alirudi mbio. "Hayupo bafuni, hayupo maabara! Na kibao chake kiko kushoto!"

"Kushoto kuna nini?"

"Kushoto waliorudi, kulia walio mbugani. Kila mtu hushika cha kwake tu, mzee, ndiyo sheria. Hapo ndipo tunajua nani wa kufuatwa."

Mzee akasimama. "Nimekitundika mimi. Kilianguka."

Kijana alishakimbilia boti. Mzee akaisukuma pamoja naye, akajitupa ndani.

"Baki, mzee!"

"Nibaki nifanye nini? Washa!"

Injini ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena. Mzee akapiga mbao za boti kwa ngumi, analia waziwazi. Ilipowaka, wakapita nguzo za kupimia maji, moja baada ya nyingine, zimebaki ncha tu.

"Mama! Mama weee!" mzee alimwita binti yake, kama alivyomwita tangu anatambaa.

Walimkuta kwenye nguzo ya mwisho, kaikumbatia, maji yamefika kidevuni, daftari kalifunga kichwani kwa kamba. Wakamvuta ndani kama gunia. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Nimepiga filimbi mpaka pumzi imekata," alisema, meno yakigongana. "Hamkukiona kibao changu?"

Mwendesha boti akajishughulisha na injini. Akamwachia mzee aseme.

"Walikiona, mama. Mimi nilikitundika kwa waliorudi. Sikujua."

Binti akamtazama kama anamtazama mgeni. Kisha akainama ubavuni mwa boti, akatapika maji ya chumvi. Mzee akampapasa mgongo.

"Baba, niache kwanza."

Akautoa mkono.